Hodi Iliyochelewa

Pafu la kumi lilivuta pumzi moja kwa programu mpya, halikuitoa.

Nilikuwa nimekaa chini yake kwenye kigoda, kama sheria ya Mwambani inavyotaka. Aliyeweka dole gumba kuruhusu programu hukaa chini ya pafu mpaka livute mara mia, ili kama amekosea, naye akose hewa pamoja na wenzake. Nilikuwa nahesabu kwa tasbihi. Punje ya kwanza ilipita. Ya pili nikaishika kati ya vidole, nikaishika, mpaka nikajua nangoja kitu kisichokuja.

Feni ilizunguka kwa ulegevu, ikasimama. Taa ya kijani kwenye sanduku la prosesa ikageuka nyekundu. Nyuma yangu mlango wa chuma ukaanza kushuka kwenye reli zake, polepole, kama ulivyotengenezwa: pafu likisimama, chumba kinafungwa, hewa mbaya isitembee. Niliuona mwanga wa ukumbini ukipungua pale chini, ukawa wa upana wa mkono, ukawa uzi, ukaisha.

Chumbani walikuwemo wagonjwa tisa wa kifua. Wanane hawakuweza hata kuketi upesi. Wa tisa, Mwanvita, binti wa miaka ishirini na sita aliyekuwa ameanza kupata nafuu, alitupa shuka akakimbia. Alichelewa hatua tatu. Akaupiga mlango kwa viganja, mara nyingi, halafu akaweka paji la uso pale pale alipokuwa akipapiga.

"Mama Zaituni," Mzee Nkindi aliniita kutoka kitandani kwake, "hilo dude lako limekufa au linasali?"

"Subiri, baba."

"Nisubiri nini? Kifua changu mimi kimeshasimama mara ngapi? Naijua sauti ya kitu kilichosimama."

Simu ya ukutani ikalia.

*

Mwambani tuko watu mia mbili na kumi na tatu. Kila msimu wa vumbi tunaingia ndani ya jiwe, tunafunga lango kuu, na mashine kumi na mbili tunazoziita mapafu zinavuta hewa ya nje, zinaichuja, zinatupa. Tisa ziko ukumbini, nazo ni mpya. Tatu za Chumba cha Mashariki, la kumi, la kumi na moja na la kumi na mbili, ni za zamani, zina prosesa zilizookotwa kwenye mitambo iliyobomolewa. Lakini bomba lao limeelekea upande usio na upepo, vumbi la huku si kali, ndiyo maana wenye vifua vibovu tunawalaza huku.

Kazi yangu ni uulizaji. Nimesoma mpaka darasa la saba, na kuuliza hakutaki chuo. Kabla programu yoyote haijaingia, napita kwenye kila pafu na kifaa changu, naiuliza prosesa yake: wewe unazijua amri zipi? Ikijibu naandika. Prosesa haina haya wala haina majivuno, ukiiuliza inasema kweli. Ila usipoiuliza, ukaipa amri isiyoijua, haibahatishi. Inasimama hapo hapo kama punda aliyeona nyoka.

Mwaka huu vumbi lilikuja jembamba kuliko miaka yote, unga mtupu. Programu ya zamani ilishindwa kulichuja kwa sababu hesabu zake zilikuwa zinachelewa. Mhandisi wetu, kijana Yasini, akaandika mpya. Hii ilitumia amri pana: badala ya kujumlisha namba mbili, kisha mbili, kisha mbili, prosesa inachukua namba nane na nane nyingine, inazijumlisha kwa mkupuo mmoja. Nilipouliza, mapafu tisa ya ukumbini yalijibu kwamba yanazijua amri pana. Matatu ya Mashariki yakajibu hapana. Yasini akasema hakuna neno, programu yake ina hodi.

Hodi ndiyo tunavyoiita. Programu ikifika kwenye prosesa inauliza kwanza, na ikiambiwa hapana, inapita njia ya kawaida, namba mbili mbili, pole pole lakini inafika. Hakuna cha ajabu hapo. Sote tumelelewa hivyo: unafika mlangoni kwa mtu, unabisha mara tatu, unangoja. Usipojibiwa unarudi ulikotoka, na huna ruhusa ya kukasirika.

"Shikamoo, mama," Yasini alisema kwenye simu. Sauti yake ilikuwa inakimbia. "Uko mzima?"

"Marahaba. Tuko wazima. Pafu limesimama."

"Naliona huku. Kioo chake kinasemaje?"

Nikavaa miwani. Kioo cha sanduku kilikuwa na maneno mawili tu. "Kinasema: amri isiyojulikana."

"Haiwezekani. Hodi ipo, mama. Nilikuonyesha mwenyewe."

"Ulinionyesha. Sasa nisomee."

Akaanza kunisomea: kama prosesa inazijua amri pana, basi fanya hivi, na kama haizijui...

"Siyo hiyo, mwanangu," nikamkatiza. "Hiyo uliandika wewe. Nisomee alichoandika mfasiri."

Maana prosesa haisomi maandishi ya mtu. Katikati yuko mfasiri, nayo ni programu inayochukua alichoandika mhandisi na kukigeuza kuwa amri za mashine, moja moja. Mhandisi humwambia mfasiri atumie amri za aina gani, kisha humwachia. Nikasikia vidole vya Yasini vikigonga, halafu akaanza kusoma kama mtoto anayesomea mtihani aliofeli.

"Ya kwanza: tenga nafasi. Ya pili: weka kituo. Ya tatu..."

"Ya tatu?"

"Ya tatu: futa namba nane kwa mkupuo."

"Na hodi ni ya ngapi?"

"Ya kumi na moja."

Nikajiegemeza ukutani. Jiwe lilikuwa baridi hata kwenye kitambaa. "Kwa hiyo tumeingia mpaka jikoni, tumefunua chungu, ndipo tukasema hodi."

"Nilimwambia mfasiri atumie amri pana," alisema. "Nilitaka azitumie kwenye faili la hesabu peke yake. Nikampa ruhusa ya nyumba nzima. Akafika mahali pa kusafisha meza kabla ya kuanza kazi, akaona namba nane zimekaa pamoja, akazifuta kwa mkupuo. Hakukosea yeye. Nimekosa mimi, mama."

"Hukukosa peke yako."

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tuna bodi moja ya mezani, ya kizamani kama za huku Mashariki, na kazi yake ni hiyo tu: kila programu ijaribiwe juu yake kabla haijagusa pafu la watu. Siku nne kabla, bodi ile ilichukuliwa kuendesha pampu ya maji ya jikoni. Nilijua haipo. Niliambiwa itarudi baada ya siku mbili. Asubuhi hiyo, nilipokuwa nimesimama mbele ya kibao cha dole cha ukumbini, mtoto wa Bahiya alikuwa akikohoa nyuma yangu, kikohozi cha kupaliwa kisicho na mwisho, na mama yake ananitazama tu. Nikaiona hodi kwa macho yangu kwenye maandishi ya Yasini. Nikaweka dole. Mapafu ya ukumbini yakaipokea programu moja baada ya jingine, yakapumua vizuri, nikamshukuru Mungu mara tisa. Kisha nikachukua kigoda changu nikaja huku.

*

"Saa hizi ni saa saba na dakika kumi na mbili," Yasini alisema. "Kitovu kitalipelekea pafu la kumi na moja programu saa saba na dakika arobaini."

Kitovu ndiyo mashine inayoyasimamia mapafu yote. "Kizuie," nikasema.

"Hakizuiliki. Unajua sheria yake."

Naijua. Sheria hiyo iliwekwa baada ya mwaka ambao nusu ya mapafu yalikuwa na programu moja na nusu nyingine. Haya yakavuta, yale yakapuliza, kwenye bomba lile lile, na watu arobaini hawakuamka. Mume wangu Sefu alikuwa wa thelathini na moja kutolewa. Tangu hapo Kitovu hakiachi kazi katikati. Programu ikianza kugawiwa, ama inafika kwa wote, ama inaondolewa kwa wote.

"Basi iondoe."

"Kibao cha dole kiko hapo pembeni yako, mama. Dole lako tu. Ukiliweka, mapafu yote yanarudi kwenye programu ya zamani, la kumi linaamka, mlango unapanda. Lakini Kitovu hakitakubali kugawa tena mpaka zipite saa sita."

"Na vumbi huko?"

"Kipimo cha nje kimegonga juu kabisa tangu saa tano."

"Watoto?"

"Wamelala, mama. Wote kumi na tisa. Siku ya nne hii, ndiyo kwanza wamelala. Yule wa Bahiya jana midomo ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Leo amekula. Saa sita za unga ule... Mimi siwezi kukushauri. Na wangu yumo."

Nikatazama kibao kile. Kilikuwa kipande cha kioo cha ukubwa wa sahani ya chai, hatua mbili kutoka nilipo. Hewa ilikuwa bado nzuri, kwa mapafu mawili yaliyobaki. Hata hivyo nilihisi kama mtu amenikalia mgongoni.

"Na waya?" nikauliza.

"Waya gani?"

"Huu unaopita juu ya pafu la kumi na moja. Si ndio unaoleta maneno ya Kitovu?"

Alijibu bila kutafuta maneno, nikajua alikuwa ameshaufikiria na hakutaka kuusema yeye.

"Ukiukata," alisema, "la kumi na moja na la kumi na mbili hayatapokea kitu. Yataendelea na programu ya zamani, na kwa bomba lenu hilo, lililo peke yake, inatosha. Lakini Kitovu hakitayasikia. Na pafu lisilosikika, kwake ni pafu lililokufa, hakilihesabu tena kati ya wote."

"Endelea."

"Mapafu yote ya chumba yakifa, makomeo ya mlango yanaingia ndani ya jiwe. Hayatoki mpaka kipimo cha nje kiwe kijani."

"Lini?"

"Msimu ukiisha. Siku ishirini na tatu." Kisha akaharakisha: "Nitajaribu kuutoboa, mama. Wallahi nitajaribu. Lakini sitakudanganya, mlango ule waliuunda usitoboke."

*

Kabatini kulikuwa na nusu debe ya unga wa uwele, makopo mawili ya karanga na mfuko wa mlenda mkavu. Maji yanatoka kwenye jiwe, hayo hayaishi. Dawa ya kifua ilikuwa ya siku tisa. Nilivihesabu vyote kwa kuvigusa, kisha nikasimama katikati ya vitanda nikawaeleza, bila kupunguza. Niliwaambia kuhusu bodi ya mezani. Niliwaambia kwamba dole lilikuwa langu.

Mzee Nkindi alinitazama kwa jicho moja, jingine alikuwa amelifumba kwa maumivu. "Yaani umetufungia, na wewe mwenyewe umo ndani? Mwizi gani huyu anajifungia bandani na kuku?"

Mmoja akacheka, akakohoa, akacheka tena.

"Nawauliza," nikasema. "Asubuhi sikuuliza. Sasa nauliza kila mtu."

Nikapita kitanda kwa kitanda. Wale ndugu wawili, Mwajabu na Hidaya, walishikana mikono wakasema ukate. Mzee Nkindi alisema, "Mimi siku ishirini na tatu sina, ndani wala nje. Kata, uniondolee kelele." Wengine watano walijibu kwa kutikisa kichwa tu, na nilimwinamia kila mmoja nikamtazama machoni mpaka nikahakikisha. Wanane.

Mwanvita alikuwa bado mlangoni, amekaa chini, magoti yamekutana na kidevu.

"Hapana," alisema kabla sijafika.

Nikachuchumaa karibu naye.

"Niliambiwa siku nne," alisema. "Nikaambiwa, kaa Mashariki siku nne kifua kitulie, mtoto atabaki kwa shangazi yake. Leo ni ya nne. Jioni ya leo nilikuwa natoka. Tunu ana miezi mitano, mama. Wanampelekea maziwa yangu kwenye kikombe, anatema nusu. Siku ishirini na tatu atakunywa nini? Na mimi haya yatakuwa yamekauka."

"Huko kuna watoto kumi na tisa..."

"Wangu hakohoi!" Alinigeukia. Macho yake yalikuwa makavu. "Wa kwangu ni mzima. Hakohoi, hajawahi. Saa sita za vumbi anaziweza. Siku ishirini na tatu bila mimi haziwezi. Kwa nini yeye ndiye alipie dole lako?"

Alikuwa anasema haki yake. Mtoto wa Bahiya naye alikuwa na haki yake, na hizo haki mbili hazikuweza kupita mlango mmoja.

Simu ilikuwa inaning'inia wazi, na Yasini alikuwa amesikia. Akaniita kwa kunong'ona. Nikaenda.

"Mama, shangazi yake yuko hapa. Nimlete mtoto alie kidogo kwenye simu? Akimsikia, huenda moyo ukalainika. Atakubali."

"Usithubutu."

"Mama, dakika zinakwenda..."

"Nimesema usithubutu. Huko si kumwuliza mtu, ni kumkaba. Akikubali amekabwa, hajakubali."

Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na dakika ishirini na nane. Nikarudi mlangoni.

"Mwanvita. Nakuuliza mara ya pili. Nikate?"

"Nimeshakujibu."

Alilaza kichwa kwenye magoti. Nikasimama pale. Nilisikia mapafu mawili yakivuta na kutoa, hayakwenda sawa, moja lilikuwa nyuma kidogo ya jingine. Nilifikiri: kumi tuliomo humu, mia mbili na tatu walioko kule. Nikaona kwamba hiyo ndiyo hesabu ya Kitovu, na mimi si Kitovu. Nikafikiri juu ya dole langu na kile kibao. Nikiliweka, mlango unapanda, Mwanvita anatoka mbio, nami natoka nyuma yake, nimeokoka. Nani angenilaumu? Hilo ndilo lililonitisha. Njia iliyonitoa mimi ndiyo aliyoitaka yeye, na sikujua tena kama ninapotaka kumsikiliza ninamsikiliza yeye au naisikiliza nafsi yangu.

Saa saba na dakika thelathini na tatu.

"Mwanvita, mwanangu. Mara ya tatu. Nikate?"

Hakujibu. Alikuwa macho. Niliona kidole chake kikikwaruza jiwe. Alikuwa amenisikia, na akachagua kutonijibu.

Mimi najua mtu anayebisha mara tatu asijibiwe anapaswa kufanya nini. Nimelifahamu hilo tangu nikiwa mdogo wa kutumwa chumvi kwa jirani. Anarudi alikotoka. Na kurudi hapo maana yake ilikuwa kibao cha dole.

Nikaenda kabatini nikachukua kisu cha kukatia mboga.

Asubuhi niliingia kwa watu sijui. Hii ya sasa ninaingia ninajua. Nilimwambia Mungu hivyo hivyo, kwa maneno yale yale, wala sikuomba anionyeshe kwamba niko sawa. Nilimwomba asiniache nikasahau kwamba sikujibiwa.

"Simu inakufa pamoja na waya," nikasema kwa sauti chumba kizima kisikie. "Mwenye neno la kwenda nje aseme sasa."

Hidaya alimtumia salamu mwanawe. Mzee Nkindi akasema mkongojo wake asiguswe na mtu, hasa shemeji yake. Halafu Mwanvita akainuka. Alinipita bila kunitazama, akaichukua simu kwa mikono miwili.

"Shangazi? Sikiliza. Asilazwe chali. Uji wa uwele, mwepesi, uuchuje mara mbili, usitie chumvi. Kikombe hakitaki cha bati, tumia kile cha mbao. Akikataa, mshike sikio la kushoto, ukiwa unampapasa hivi, taratibu. Atalia siku mbili tatu. Usimpe mtu mwingine ambembeleze, mbembeleze wewe." Akasikiliza. "Hapana. Usimlete. Nitashindwa."

Akaning'iniza simu mahali pake, vizuri, kama mtu anayeondoka ofisini. Ndipo akanitazama.

"Hiyo haikuwa ndiyo," alisema. "Usije ukaandika popote kwamba Mwanvita alisema ndiyo."

"Sitaandika."

"Uandike nilisema hapana, ukakata."

"Nitaandika hivyo hivyo."

Nikapanda juu ya kigoda. Waya ulikuwa mnene kuliko nilivyodhani, kisu kikateleza mara mbili, na hakuna aliyekuja kunishikia. Saa saba na dakika thelathini na nane ulikatika.

*

Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha mlango ukanguruma ndani ya kuta, na makomeo yakaingia kwenye jiwe, moja, jingine, jingine, sita yote. La mwisho lilitikisa vikombe kabatini. Baada ya hapo ukimya wa mle ndani ukawa wa namna nyingine. Mwajabu alikuwa akisoma dua chini chini.

Saa saba na dakika arobaini ikafika. Nilisimama na kiganja juu ya sanduku la pafu la kumi na moja. Likavuta. Likatoa. Likavuta. Saa ikasogea, arobaini na moja, arobaini na mbili, na taa yake ikabaki kijani. La kumi na mbili likalifuata nyuma kidogo, kama kawaida yake. Kule upande wa pili, kwenye kioo cha Kitovu, sisi sote tulikuwa tumekwisha kufa. Nilijua Yasini angewaambia watu kwamba tu hai. Lakini kujua na kusikia ni vitu viwili, na wao wasingetusikia.

Nikapima unga kwa kikombe, nikagawanya kwa siku, nikakuta hautoshi, nikapunguza kikombe. Nikawapa wagonjwa dawa ya mchana, nusu nusu, nikiwaeleza kwa nini. Kila nilipopita karibu na mlango Mwanvita alinipa mgongo. Sikuzungumza naye. Sikuwa na haki ya kuanza.

"Saa ngapi?" aliuliza ghafla, bado kanipa mgongo.

"Saa nane kasoro dakika tano."

"Huwa ananyonya saa nane."

Nikaona kanga yake imelowa kifuani, madoa mawili, yanapanuka. Akayatazama. Kisha akafuta uso kwa nyuma ya mkono, akajivuta mpaka mgongo ukaegemea chuma cha mlango, akafungua vifungo.

"Nisipokamua yatakauka," alisema. "Nikikamua kila saa yake, mara sita kwa siku, hayakauki. Bibi yangu alikamua miezi miwili mwanawe akiwa hospitali."

"Ndiyo."

"Nataka kikombe."

Nikamletea. Alikishika kwa mkono mmoja, kikombe kikagonga vifungo vya sweta lake, akakiweka chini, akajaribu tena, akashindwa kushika vyote viwili. Kisha akakisukuma kikombe kuelekea kwangu sakafuni, bila kunitazama usoni.

"Shika," akasema. "Shika vizuri, usimwage."

Nikapiga magoti mbele yake nikashika kwa mikono yote miwili.